Dawa Itamkubali Nani

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Kipushi, katika hospitali ya mji wa mgodi, na mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa dereva wa treni ya chini ya ardhi aliyekuwa akitafuta kofia kubwa zaidi. Mtunza ghala wa mgodi alikuwa amemwambia kwamba kofia kubwa kuliko aliyonayo haipo, na kwamba kichwa cha mtu mzima hakikui, kwa hiyo aende akamwone daktari. Ndivyo alivyofika mbele yangu, kofia mkononi, akiwa na aibu kidogo, mimi nikiwa na koti jeupe ambalo mikunjo ya dukani haijatoka.

Nilimpima homa. Nikamsikiliza moyo. Nikamtazama uso, nikaona kuna jambo linalonisumbua lakini sikuweza kulitaja. Wakati huo akaingia Daktari Mkurugenzi, mtu mrefu, mkavu, ambaye hospitali nzima ilinyamaza ikisikia viatu vyake ukumbini. Alisimama mlangoni akamwangalia yule dereva kwa muda.

"Baba, uko na carte ya kazi?"

Dereva akatoa kadi yake ya kazi yenye picha. Mkurugenzi akaichukua, akaiweka karibu na shavu la yule dereva, akanigeukia.

"Angalia. Huyu wa ku carte na huyu wa ku kiti, beko bandugu ao ni mutu moja?"

Kwenye picha alikuwa kijana mwenye taya nyembamba na pua ya kawaida. Kwenye kiti alikuwa mtu mwenye paji lililotokeza juu ya macho, taya iliyosogea mbele, midomo minene, meno yaliyoachana. Mkono aliokuwa amenisalimia nao ulikuwa mzito na laini kama unga uliokandwa.

"Mutu moja," nikajibu.

"Basi kila mara ukiona sura yenye kukusumbua, omba picha ya zamani. Ile ingine yote utaisoma ku kitabu."

Ugonjwa huo unaitwa akromegali. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo isiyozidi punje ya haragwe. Ikiota uvimbe, mara nyingi si saratani, lakini uvimbe huo humwaga homoni ya ukuaji bila kipimo. Mtoto akipatwa huwa jitu. Mtu mzima haongezeki urefu, kwa sababu mifupa yake imekwisha kufunga. Anapanuka mikono, miguu na uso. Ndani, moyo nao unapanuka, sukari inapanda, koo linasongamana hata pumzi inakatika usingizini. Na uvimbe wenyewe, ukizidi, unakandamiza mishipa ya macho, mtu anaanza kupoteza kuona pembeni.

Tulipotoka chumbani nilimwuliza Mkurugenzi tutampa nini.

"Dawa ya kichwa," akasema. "Ya sukari kama iko juu. Na umupatie heshima, ju kule ku kazi banamucheka."

Hatukuwa na kingine. Yule dereva alikufa kwa moyo kabla sijahamishwa Kipushi. Nilikwenda makaburini nikasimama nyuma ya wenzake wa mgodi. Hapo ndipo nilipojua ni daktari wa nini ninayetaka kuwa.

Nilihamishiwa Lubumbashi, katika huduma ya magonjwa ya ndani ya hospitali moja kubwa. Mkuu wa Huduma alikuwa mtu mfupi, mpana, mkali kwa wauguzi na mkali zaidi kwetu madaktari. Vitanda alivikagua mwenyewe. Mtu akileta jina la ugonjwa kwa majivuno, alikuwa akimkatiza: "Bon. Jina tumesikia. Sasa utamufanyia nini?" Ni yeye aliyenitafutia nafasi ya kusomea homoni ng'ambo, na siku ya kuniaga hakunipa mkono. Alisema tu, "Urudi."

Nilirudi. Nilikuwa nimejifunza mambo mengi, lakini lililonikaa moyoni ni lile alilonifundisha profesa wangu huko, mama mmoja mtaratibu aliyekuwa akiongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Kwa wakati ule dawa za akromegali zilikuwa zimekwisha kupatikana. Ile kubwa ni sindano ya kila mwezi inayoiga homoni nyingine ya mwili, ambayo kazi yake ni kuiambia tezi: inatosha. Kwa wengine uvimbe unatii, homoni inashuka, hata uvimbe unasinyaa. Kwa wengine ni kama umemdunga maji. Profesa alinifundisha namna ya kubashiri, kabla ya kuanza, dawa itamkubali nani.

Nitawaeleza ninyi mnaotufuata, kwa maneno mepesi. Kwanza umri: mtu wa makamo dawa humkubali kuliko kijana. Pili kiasi cha homoni: isipokuwa juu mno, kuna matumaini. Tatu picha ya IRM, ile ya sumaku: katika namna fulani ya kupiga picha hiyo, uvimbe ukionekana mweusi ni dalili njema, ukionekana mweupe unaong'aa ni dalili mbaya. Nne darubini: mgonjwa akipasuliwa, kipande cha uvimbe kinatazamwa, seli zikiwa zimejaa punje za homoni zilizobanana, vizuri, punje zikiwa chache, zilizotawanyika, uvimbe huo mara nyingi ni mkaidi, hukua haraka na una vipokezi vichache vya kuipokea ile dawa. Mwisho ni jaribio: unampa mgonjwa dozi ndogo ya dawa ile ile, ya muda mfupi, asubuhi, kisha unachota damu kila saa hadi mchana kuona kama homoni inashuka.

Hakuna alama hata moja kati ya hizo inayoapa. Profesa alikuwa akilirudia hilo. "Unasoma hali ya hewa," alisema, "husomi kalenda."

Kwa miaka mingi elimu hiyo ilikaa kwangu bila kazi. Katika maduka ya dawa ya mjini sindano ile haikuwapo, na kuiagiza nje kulikuwa ndoto kwa karibu wagonjwa wangu wote. Niliwatuma kwa wapasuaji ng'ambo ya mpaka waliokuwa wakiufikia uvimbe kupitia puani, nikawapokea wakirudi. Wengine walipona kabisa. Wengine uvimbe ulibaki kipande, umejibana kwenye mshipa mkubwa wa damu ambapo kisu hakifiki. Hao ndio waliohitaji dawa, na hao ndio niliowapa dawa ya kichwa, kama Mkurugenzi wa Kipushi.

Kisha madaktari wa kule nilikosomea walikusanya sindano wakatuletea sanduku moja. Lilitosha mgonjwa mmoja kwa mwaka. Wakati huo nilikuwa na wagonjwa wawili waliobakiwa na uvimbe baada ya kupasuliwa.

Wa kwanza alikuwa Mama Riziki, fundi cherehani wa mtaa wa Katuba, mjane mwenye mabinti wakubwa, wa ukoo wa Waislamu waliotoka Maniema zamani. Yeye alijijua mgonjwa siku kidole chake kilipokataa kuingia kwenye matundu ya mkasi aliokuwa akiutumia tangu usichana. Wa pili alikuwa Kunda, mwalimu wa shule ya msingi kule Annexe, pembeni mwa mji, kijana ambaye hata ndevu hazijakomaa sawasawa. Alikuwa mrefu tangu zamani, lakini sasa viatu vya kumtosha havikupatikana sokoni, na alikuwa akifundisha kwa kandambili zilizokatwa nyuma. Kichwa kilimwuma kila siku ya Mungu. Wanafunzi wake walijua kwamba Mwalimu akifumba macho na kushika ukingo wa meza, wao wasubiri kimya.

Niliwaita wote wawili kwa jaribio asubuhi moja. Walilala katika vitanda vya jirani, kila mmoja na sindano ya kuchotea damu mkononi, na kwa kuwa jaribio ni la kukaa tu na kungoja, wakaanza kuzungumza.

"Mwalimu," Mama Riziki akasema, "ile chemise ni nani alikushonea? Inakubana ku mabega."

"Hakuna mwenye alinishonea, Mama. Minavala tu kile minapata."

"Utakuja kwangu Katuba. Bafundi bengine habajue kupima bantu kama siye."

Kunda akageuza kichwa kumwangalia. Nadhani hakuwa amewahi kusikia mtu akisema "siye" akimhesabu na yeye ndani. Hadi mchana alikuwa akimsimulia habari za wanafunzi wake, naye anacheka kwa ile sauti nzito ambayo ugonjwa ulimpa na ambayo mtaani ilimfanya anyamaze.

Damu ilisafirishwa nje kupimwa, na majibu yalipofika nilikaa nayo ofisini mlango umefungwa. Homoni ya Mama Riziki ilikuwa imeporomoka baada ya dozi. Ya Kunda ilishuka kidogo, ikarudi ilikotoka. Picha ya Mama ilikuwa nyeusi, ya Kunda nyeupe. Punje za Mama zilibanana, za Kunda zilikuwa chache. Alama zote ziliangukia upande mmoja, kama kondoo wanaopita mlango mmoja.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Huduma.

"Sanduku ni moja," akasema kabla sijakaa. "Weye ulisomea kubashiri. Basi bashiri."

"Mama Riziki, dawa itamukubali. Kunda, sizani."

"Hauzani, ao unajua?"

"Alama zote zinasema hapana. Lakini wako wachache ambao alama zinasema hapana, na dawa inasema ndiyo. Kunda si kundi, Mkuu. Ni mutu moja."

Akavua miwani, akajisugua macho. "Unaomba nini?"

"Sindano tatu tatu kwa kila mmoja. Kisha tupime."

"Na zenye zitabaki?"

"Zitakwenda kwa yule ambaye dawa inamkubali. Nitawaambia hivyo wote wawili kabla ya kuanza."

Alifikiri. Nje jenereta ilikuwa inanguruma, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, na najua alikuwa akifikiria pia friji ya dawa. "Tatu," akasema. "Ya ine hapana."

Niliwaita, nikawaeleza bila kuficha. Kwamba dawa ni ya mtu mmoja. Kwamba ninatarajia imsaidie Mama zaidi ya Kunda, na kwa sababu gani. Mama Riziki alitazama sakafu. Kunda, aliyependa hesabu kuliko masomo yote, aliuliza maswali mazuri kuliko wanafunzi wangu wa udaktari.

"Kama bantu kama mimi beko mia, Docteur, bangapi dawa itabakubali?"

"Wachache, Kunda. Sitakudanganya kwa kukutajia namba."

"Lakini haiko hakuna."

"Hapana. Wako."

"Bon. Basi minaweza kuwa mu bale bachache." Akatabasamu. Meno yake ya mbele yalikuwa yameachana sana.

Tukaanza. Ile dawa ni nzito. Unaitoa baridini, unaiacha ipate joto la chumba, unaichoma polepole ndani ya nyama ya tako. Niliwachoma mwenyewe. Baada ya sindano ya kwanza Kunda hakusubiri siku yake ya kuja. Nilimkuta asubuhi amesimama mbele ya mlango wangu.

"Docteur, nililala."

"Ulilala namna gani?"

"Nililala tu. Kichwa haikuniamusha. Nilifundisha tangu asubui paka midi na sikushika meza." Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeletewa habari za ndugu aliyepotea. "Dawa inanikubali, Docteur. Unaona?"

Sikumjibu kama alivyotaka. Nilijua jambo ambalo yeye hakulijua: dawa ile inaweza kunyamazisha maumivu ya kichwa hata pale ambapo haigusi homoni. Kwa nini, hata leo hatujui vizuri. Nilimwambia nimefurahi kwamba amelala, na kwamba tungoje damu. Alikwenda zake anatembea kwa haraka, kandambili zikipiga sakafu.

Miezi ile Kunda alikuwa mtu mwingine. Alikuwa akipitia Katuba kwa Mama Riziki, naye akamshonea mashati mawili yaliyofika hadi kwenye vifundo vya mikono. Mama alipokuja kwa sindano yake ya tatu, pete ya marehemu mumewe ilikuwa imerudi kidoleni. Alininyooshea mkono niione.

Tukapima. Homoni ya Mama Riziki ilikuwa imeshuka karibu na ya mtu mzima wa afya. Ya Kunda ilikuwa pale pale, na picha mpya ilionyesha uvimbe umepanda kidogo kuelekea mishipa ya macho.

Mkuu wa Huduma alisoma majibu, akaandika kwenye faili la Kunda neno moja: hakuitikia. Kisha akaketi na kalamu mkononi.

"Mkuu, kichwa chake kimepoa," nikasema. "Hilo nalo ni jibu."

"Ni jibu. Lakini iko na mauti mu kichwa, na ile dawa haiigusi. Na mama mwenye inamuponya, tutamunyima?" Sauti yake ilikuwa chini, jambo nadra. "Niambie tufanye ingine, nitafanya."

Alikuwa na haki, na hesabu yangu ndiyo iliyompa haki.

Nilimwita Kunda. Alikuwa amevaa shati jipya. Nilimwonyesha karatasi, kwa kuwa yeye ni mtu wa hesabu, nikamwacha azilinganishe namba mwenyewe. Alizitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Lakini nilikuwa minalala," akasema.

"Najua."

"Sasa kichwa itarudia?"

"Huenda. Nitakupa dawa nyingine za maumivu. Na kuna vidonge vya kushusha homoni tutavijaribu, na tutakutafutia miale ya kuchoma uvimbe ng'ambo ya mpaka."

"Bile vidonge bitanikubali?"

Nilimweleza kwamba vidonge vile huwasaidia zaidi wale ambao homoni yao imepanda kidogo. Alielewa. Akakunja karatasi ile kwa uangalifu, akanirudishia. "Aksanti, Docteur. Mupatie Mama."

Mama Riziki alipopata habari alikuja bila kuitwa, ushungi umekaa vibaya kwa haraka.

"Docteur, ile sindano yangu, muchome mutoto."

"Mama, haimsaidii."

"Inamusaidia kulala. Mi minalala. Mupatie."

"Ugonjwa wake unaendelea hata akilala. Wako umesimama. Nikiikatiza kwako, wako utarudi, na wake hautasimama."

"Basi gawanya."

"Haigawanyiki, Mama. Nusu haimfai yeyote."

Alikaa kwenye benchi la ukumbini, akalia mbele ya wapita njia. Halafu akaingia, akapanda kitandani, akachomwa sindano yake uso umeelekea ukutani.

Maumivu ya kichwa ya Kunda yalirudi. Vidonge havikumfaa. Tuliomba nafasi ya miale katika nchi jirani, tukaambiwa tungoje, tukangoja. Kunda aliendelea kufundisha. Kisha akaanza kugonga fremu za milango, na wanafunzi waliokaa pembeni mwa darasa wakawa wananyoosha mikono bila yeye kuwaona. Mwenyewe aliwahamisha wote wakakaa katikati, wamebanana mbele yake. Nilipopima macho yake nilikuta yanaona kama mtu anayechungulia uchochoroni.

Nafasi ya miale ilikuwa imekwisha kupatikana alipokufa. Ilikuwa kiangazi, asubuhi za baridi na vumbi jekundu. Mama yake alikwenda kumwamsha kwa ajili ya shule. Pumzi ilikuwa imemkatikia usingizini, kama inavyotokea kwa wagonjwa wetu ambao koo limesongamana na moyo umechoka.

Mama Riziki ndiye aliyemshonea suti ya mazishi. Hakuhitaji kumpima. Nilimwona Kunda ndani ya jeneza, mikono ya koti imemfika sawasawa, na karibu yangu shule nzima ilikuwa imesimama, na hakuna mtoto aliyecheka. Mama yake Kunda hakulia. Alisimama mkono mmoja begani kwa binti yake mdogo, Bwalya, akapokea salamu za kila mtu, akajibu kila mtu. Watu walisema ana moyo wa nguvu. Mimi nilimwogopa, nikaondoka kabla ya chakula.

Baadaye nilisoma habari za dawa nyingine, isiyohangaika na uvimbe, bali inayoifungia homoni mlango kule inakokwenda kufanya kazi. Inawafaa hasa watu kama Kunda. Ilikuwapo duniani alipokuwa hai. Kwetu haikufika, na hata leo haijafika.

Mama Riziki aliendelea kuja kila mwezi, na wale wa ng'ambo hawakumtupa. Siku moja, nikimfunika pamba pale nilipomchoma, aliniuliza, "Docteur, mi minapona ju yee alikufa?"

"Hapana, Mama. Hata ungekataa, angekufa."

"Basi ju ya nini minasikia haya?"

Nilimsaidia kushuka kitandani.

Nilistaafu bila sherehe kubwa. Mkuu wa Huduma alikuwa amekwisha kufariki, na vijana waliochukua nafasi zetu wana mashine ambazo sisi tuliziona kwenye vitabu. Wananipigia simu. Wananitumia picha za IRM, wanauliza: Mama Docteur, huyu dawa itamkubali? Ninawajibu ninavyoweza. Ninawaomba jambo moja, nanyi nawaomba: msiandike "mgonjwa hakuitikia." Mgonjwa ameitika siku zote. Amekuja, amelala kitandani, ametoa damu, amengoja. Andikeni kwamba dawa haikumsaidia. Na mkishabashiri, mkapatia, msifurahi haraka. Mimi katika maisha yangu sikuwahi kubashiri sawasawa kama nilivyobashiri kwa Kunda, na ningetoa elimu yangu yote nionekane mjinga siku ile.

Kuna jambo lililobaki, nalo nililifanya nikiwa tayari si mfanyakazi wa mtu. Kijana kupata uvimbe mkubwa, mweupe, mkaidi namna ile, wakati mwingine ni kitu cha ukoo. Nilikuwa nimemtuma muuguzi mara mbili kumwita Bwalya aje kupimwa, na mara zote mama yake alijibu kwamba hospitali ameiona ya kutosha. Sikumlaumu. Lakini msichana alikuwa anafikia umri ambao kaka yake alianza kupanuka. Basi nilikwenda mwenyewe hadi Annexe.

Nilimkuta Mama Kunda shambani nyuma ya nyumba, anapanda matuta ya viazi vitamu. Alinitambua. Aliendelea hadi mwisho wa tuta, akasimamisha jembe.

"Docteur, ulikuya kuniambia nini?"

"Nimekuja kumwomba Bwalya damu kidogo, Mama. Na nipige picha moja."

"Iko mugonjwa?"

"Sijui. Ndiyo maana ninaomba."

"Kwa Kunda ulikuwa unajua."

"Kwa Kunda nilijua. Kwa Bwalya sijui."

Alilaza jembe chini. Kisha akamwita binti. Bwalya alitoka ndani, mrefu, mwembamba, ameshika kitabu, amefanana kabisa na kaka yake wa picha za zamani. Nilimchota damu pale pale kwenye kiti cha plastiki. Wiki iliyofuata tulimpiga picha mjini, na vijana wangu wa hospitali walihakikisha haingojwi.

Majibu yalipofika sikutuma mtu. Nilirudi Annexe. Mama Kunda alikuwa ametandika mkeka, ameketi na Bwalya pembeni, kama watu wanaongoja kusomewa hukumu. Nilisema kabla sijakaa, kwa kuwa nilijua mtu anayengoja hasikii salamu.

"Hana kitu, Mama. Damu ni safi. Tezi ni ndogo, iko sawa. Tutamwangalia tena kila mwaka kwa usalama, lakini leo hana kitu."

Bwalya akafunika uso kwa mikono yake, akacheka na kulia pamoja. Mama yake hakusogea. Alinitazama mimi, akamtazama binti yake, akatazama mlango wa chumba ambacho mwanawe alilala mara ya mwisho.

"Kwa hiyo haiko ya ukoo," akasema.

"Inaonekana si ya ukoo, Mama."

"Ilimukamata yee tu."

"Yeye tu."

"Mu nyumba muzima, yee peke yake." Akashika ukingo wa mkeka. "Basi alibeba ile kitu yee peke yake, Docteur, na mi nilikuwa minasema ni yetu siye bote."

Ndipo alipolia, mama yule ambaye hakulia makaburini. Alilia kwa sauti ya juu hadi majirani wakaja mlangoni, na Bwalya akamshika kiuno, na mimi nikaketi chini kwenye mkeka karibu nao, kwa sababu hakuna aliyenitaka niondoke.